Wall Drug, Duka la Mfamasia Ted Hustead

Msafiri anayeendesha gari kuelekea magharibi katika jimbo la South Dakota, nchini Marekani, hafiki Wall bila kupigiwa hodi mapema. Mabango ya Wall Drug humsindikiza kando ya barabara kuu ya I-90 kwa mamia ya kilomita, moja likimwahidi maji ya barafu ya bure, jingine kahawa ya senti tano, jingine likimhesabia tu maili zilizobaki, hata watoto walioketi nyuma huanza kuuliza ni lini watafika mahali ambapo wazazi wao hawakuwa wamepanga kwenda. Aliyetarajia duka la dawa hukuta kitu kinachokaribia kuwa mtaa mzima ulioezekwa, wenye maduka ya buti na kofia za wachunga ng'ombe, vito, vitabu, mgahawa, picha za kuchora na kanisa dogo la wasafiri, vyote vikiwa ndani ya futi za mraba 76,000, yaani kama mita za mraba 7,000. Wengi wanaolitathmini duka hili hulihesabu kuwa kituo cha mapumziko, wakaishia kubishana iwapo bidhaa zake ni kumbukumbu za maana au ni makorokoro. Mimi nimeamua kulipima kama jina lake linavyodai, yaani kama duka la dawa. Na kwa kuwa duka la dawa la mji mdogo halitengani na mtu aliyesimama nyuma ya kaunta yake, sina budi kuanza na mtu huyo, Ted Hustead, aliyefariki Januari 1999 akiwa na umri wa miaka 96.

Hustead alizaliwa mwaka 1902, akahitimu famasia katika Chuo Kikuu cha Nebraska mwaka 1929, mwaka uleule ambao soko la hisa la New York lilianguka na nchi nzima ikatumbukia katika Mdororo Mkuu wa Uchumi. Alianza kazi katika maduka ya watu wengine. Mwaka 1931, akiwa na dola 3,000 alizorithi kwa baba yake, yeye na mkewe Dorothy walizunguka wakitafuta duka la kununua, na sharti lao lilikuwa kwamba mji uwe mdogo na uwe na kanisa Katoliki ambamo wangeweza kuhudhuria misa kila siku. Wall ilitimiza masharti hayo mawili na haikuwa na mengi zaidi ya hayo. Mji huo, ambao jina lake lina maana ya ukuta na limetokana na kingo za miamba iliyomomonyoka ya Badlands, ulikuwa na wakazi wasiofika 400, wengi wao wakulima waliokuwa wameangushwa na ukame na bei duni za mazao, na ndugu wa Ted na Dorothy hawakuficha kwamba waliuona uamuzi huo kuwa ni wa kujizika wakiwa hai. Wawili hao walikubaliana kujipa miaka mitano. Duka lisiposimama katika muda huo, wangefunga mizigo na kuondoka.

Simulizi inayopendwa kuhusu Wall Drug huiruka miaka hiyo mitano kwa sentensi moja ili ifike haraka kwenye maji ya barafu, nami naona hapo ndipo inapomdhulumu Hustead. Miezi ya mwanzo familia iliishi ndani ya duka lenyewe, sehemu ya nyuma, ikitenganishwa na wateja kwa blanketi lililotundikwa, pamoja na mtoto wao Bill aliyekuwa na miaka minne. Mfamasia wa zama hizo hakuwa mtu wa kuhesabu tu vidonge vilivyoletwa tayari kutoka kiwandani. Sehemu kubwa ya dawa zilizoandikwa na daktari ilitengenezwa palepale dukani: unga ulisagwa katika kinu kidogo kwa mchi wake, ukapimwa kwa mizani yenye mawe ya uzito mdogo mno, ukachanganywa na sharubati, mafuta au pombe, kisha ukafungwa katika vikaratasi au ukatiwa chupani, na kosa likitokea lilikuwa la mtu mmoja ambaye mji mzima ulimjua kwa jina na kwa nyumba yake. Wala hatari haikuwa ya kufikirika. Mwaka 1937 dawa ya maji ya salfa, iliyotengenezwa na kampuni moja ya Marekani kwa kiyeyushi chenye sumu, iliua watu zaidi ya 100, na vifo hivyo ndivyo vilivyolisukuma Bunge la nchi hiyo kupitisha sheria ya mwaka 1938 iliyotaka dawa mpya ionyeshwe kuwa salama kabla ya kuingia sokoni. Kabla ya hapo, kinga kubwa ya mgonjwa wa mji mdogo ilikuwa ni uangalifu wa mfamasia wake. Huyo ndiye aliyeulizwa kwanza kuhusu mtoto mwenye homa au kidonda kisichopona, kwa kuwa ushauri wake haukuwa na ada, na ndiye aliyeandika deni daftarini pale mteja alipokuja na maradhi bila pesa.

Ili kuona jinsi biashara hiyo ilivyokuwa ngumu, inafaa kuutazama upande wa mashariki wa jimbo hilohilo, katika mji wa Huron, ambako familia ya Humphrey ilikuwa na duka lake la dawa na ilikuwa ikipambana na vumbi lilelile. Baba aliuza dawa za watu na za nguruwe chini ya paa moja, akatundika sanamu ya nguruwe wa mbao juu ya duka ili wafugaji wasipite. Mwanawe Hubert aliacha chuo kikuu ili aje kusaidia, akaenda Denver kusomea famasia, akaimaliza kozi ya miaka miwili kwa miezi sita, kisha akasimama kaunta hadi mwaka 1937. Kijana huyo baadaye akawa seneta, na mwaka 1951, pamoja na mbunge Carl Durham ambaye naye alikuwa mfamasia, alifanikisha sheria iliyotenganisha dawa zinazohitaji cheti cha daktari na zile zinazouzwa bila cheti. Mwishowe akawa Makamu wa Rais. Hustead hakutunga sheria yoyote wala hakugombea wadhifa uliomfikisha Washington. Nawaweka pamoja kwa sababu waliufanya ufamasia katika jimbo moja na miaka ileile, na maduka yao yalionyesha kwamba katika mji wa maskini duka la dawa haliishi kwa dawa peke yake. Wafamasia wa Marekani walikuwa wamelijua jambo hilo tangu karne iliyotangulia. Ndiyo maana maduka yao yalikuwa na kaunta za soda na aiskrimu, na ndiyo maana Coca-Cola ilibuniwa mwaka 1886 na mfamasia, John Pemberton wa Atlanta.

Kiangazi cha mwaka 1936 kilimkuta Hustead akiwa amebakiza miezi michache tu ya ile miaka mitano. Julai hiyo South Dakota iliungua kwa joto ambalo halijapitwa katika kumbukumbu zake: tarehe 5 kipimajoto cha Gann Valley kilionyesha nyuzi 120 za Fahrenheit, yaani karibu nyuzi 49 za Selsiasi. Jumapili moja ya mwezi huo Dorothy alikwenda kujilaza mchana na watoto, mmoja wao akiwa bado mchanga, akarudi dukani baada ya saa moja bila kupata lepe la usingizi, kwa sababu magari yalikuwa yakinguruma mfululizo barabarani. Mengi yalikuwa yakielekea Mlima Rushmore, ambako nyuso za marais zilikuwa zikichongwa mwambani tangu mwaka 1927. Dorothy akamwuliza mumewe watu hao, baada ya kuvuka tambarare ile yenye kuchoma, wangekuwa wakitamani nini zaidi ya maji ya baridi. Na duka lilikuwa na maji, tena lilikuwa na barafu. Hustead akamchukua kijana mmoja wa sekondari, wakaandaa mbao, wakaziandika maneno machache yenye vina kwa mtindo wa krimu ya kunyolea ya Burma-Shave, ambayo tangu mwaka 1925 ilikuwa ikipanga matangazo yake kando ya barabara ili dereva aupokee ubeti kipande kwa kipande, wakaenda kuzisimika. Mwenyewe alikiri baadaye kwamba alijiona kama mpumbavu kidogo alipokuwa akizisimika mbao zile. Hata hivyo alipofika dukani aliwakuta wasafiri wameshaanza kumiminika, na kiangazi kilichofuata ilibidi waajiri wasichana wanane wa kuwahudumia.

Wazo hilo lilikuwa la Dorothy, si la Ted, jambo ambalo Ted hakuwahi kulificha na ambalo wasimuliaji wavivu hulisahau.

Sasa nirudi kwenye duka lenyewe. Maji bado ni ya bure, bado yana barafu, na hakuna anayemwuliza mnywaji kama amenunua kitu. Sharti la kununua ndilo lingeigeuza huduma hiyo kuwa chambo, na kutokuwepo kwake ndiko kunakoitofautisha na hila za kawaida za wauzaji. Najua wanaodai kwamba yote ni biashara na kwamba anayekunywa bure hatimaye hununua kofia. Ni kweli kwamba wengi hununua, na Hustead hakuwa mtawa. Alitaka duka lijae. Lakini mfamasia huzoea kutoa kwanza na kungoja. Humsikiliza mtu anayekohoa, humwambia kwamba hahitaji dawa bali mapumziko, na humwacha aende bila kulipa, kwa matumaini kwamba siku atakayohitaji dawa atajua mlango wa kugonga. Glasi ya maji kwa mtu asiyemjua, katika siku yenye joto la kuua, ni mazoea hayohayo yaliyotolewa nje ya mji na kuwekwa barabarani. Anayekitazama kitendo hicho kama ujanja wa matangazo tu atashindwa kueleza kwa nini kimedumu, kwa maana vitu vya bure vya kuvutia wateja huondolewa mara tu biashara inapochanganya.

Kahawa huuzwa kwa senti tano. Wanajeshi wastaafu hupewa kahawa na donati bila malipo, na donati hizo, zinazotengenezwa hapohapo, ndizo ningemshauri mgeni azitangulize kabla ya chakula kingine chochote. Sandwichi ya moto ya nyama ya ng'ombe, inayoletwa na viazi vilivyopondwa na mchuzi mzito, ni chakula cha shamba, kizito na kisicho na mapambo, kinachomfaa aliyetoka mbali zaidi ya kinavyomfaa mtu atakayeendelea kushika usukani kwa saa nne zijazo. Kuta za ukumbi wa kulia zimejaa picha za kuchora za Magharibi ya Marekani, baadhi zikiwa za wachoraji wa kutambulika kama Harvey Dunn, mzaliwa wa South Dakota, na inashangaza jinsi watu wanavyokula chini ya kazi hizo bila kuinua macho.

Sehemu iliyonivuta mimi ni ndogo kuliko zote hizo. Ni ile famasia yenye makumbusho ndani yake, iliyojengwa kwa kufuata sura ya duka la kwanza la Hustead. Mtu aliyetoka kwenye uwanja wa nyuma, ambako watoto hupanda sanamu kubwa ya sungura mwenye pembe na kungojea dinosaria wa mitambo angurume, huingia hapa na mwendo wake hupungua wenyewe. Makumbusho ya namna hii huwa na hatari ya kuufanya ufamasia uonekane kama uganga wa chupa za rangi, ilhali thamani ya vyombo hivyo ni ile kazi ya kuchosha iliyofanywa navyo, kupima, kusaga, kuandika, na kupima tena. Mgeni mwenye dakika tano za ziada na azitumie hapa akijaribu kufikiria mtu mmoja akiifanya kazi hiyo upande mmoja wa blanketi huku mtoto wake akilala upande wa pili.

Hapo ndipo penye kasoro kuu ya duka hili kwa kipimo nilichokichagua. Dawa imekuwa chumba kimoja kati ya vyumba vingi, na anayefuata mkondo wa watu anaweza kuzunguka saa nzima bila kujua kwamba aliyeanzisha mahali hapa alikuwa na leseni ya kutengeneza dawa. Bill, yule mtoto wa nyuma ya blanketi, alirudi mwaka 1951 akiwa mfamasia kama baba yake, na upanuzi uliofuata chini ya usimamizi wake ndio uliolifanya duka kuwa mtaa. Simlaumu. Maduka mengi ya dawa ya miji midogo ya Marekani yalififia baada ya Vita vya Pili vya Dunia kadiri kampuni kubwa zenye matawi mengi ya maduka zilivyoenea, na familia ya Hustead iliokoa lake kwa kulifanya liwe jambo jingine, huku ikilibakizia jina lake. Hata hivyo anayependa ufamasia atatoka akitamani kwamba kile chumba kidogo kingepewa angalau robo ya nafasi inayopewa kofia.

Kuhusu mabango, maoni yangu ni mchanganyiko. Yalivuka mipaka ya jimbo zamani: wanajeshi wa Vita vya Pili vya Dunia waliyasimika Ulaya wakionyesha umbali wa kwenda Wall, na wasafiri wameendeleza mzaha huo hadi pembe za dunia ambazo hazina barabara ya kufikia South Dakota. Mwaka 1965 Rais Lyndon Johnson, akichochewa na mkewe Lady Bird, alitia saini sheria ya kupendezesha barabara kuu iliyobana mabango ya matangazo, na Wall Drug ikawa miongoni mwa waliokuwa na mengi ya kupoteza. Nakumbusha kwa mabano tu kwamba Makamu wa Rais wakati huo alikuwa Hubert Humphrey, mfamasia wa Huron. Miaka hiyohiyo ya sitini familia ilimsimamisha kando ya I-90 dinosaria mwenye urefu wa futi 80, kazi ya mchongaji Emmet Sullivan, ambaye tayari alikuwa amechonga dinosaria wengine katika mji wa Rapid City. Dinosaria huyo wa kijani ni mbaya kwa sura na anapendeza kwa ukaidi wake. Mabango yenyewe, yakiwa machache kwa wakati mmoja, huchekesha. Yanapofuatana sana huchosha, na anayeziona zile nyika za majani kuwa nzuri bila maandishi ana haki ya kununa.

Hustead aliishi muda wa kutosha kuona kiangazi ambacho, kwa hesabu yake mwenyewe, siku moja nzuri ingeweza kuleta watu 20,000 katika mji ambao aliambiwa usingemlisha. Alipofariki, gavana wa jimbo, Bill Janklow, alimtaja kwa heshima katika hotuba yake kwa bunge la jimbo, heshima ambayo wafamasia wa miji midogo hawaipati mara nyingi, hata wale waliowahudumia watu kwa miaka hamsini.

Kwa anayepanga safari: Wall iko mashariki ya Rapid City kwa mwendo wa chini ya saa moja, na hifadhi ya Badlands iko jirani kiasi kwamba zote mbili zinatosha katika siku moja. Katikati ya Julai mchana pana msongamano mkubwa, kwa hiyo asubuhi ni bora, hasa kwa wenye watoto. Aanze na famasia kabla kelele hazijamchosha, anywe maji, apite kanisa dogo ambako kuna utulivu usiotarajiwa, kisha ndipo aingie kwenye kofia na buti akiwa tayari amekiona kilichomleta. Kama kituo cha safari naipa Wall Drug nyota tano bila kusita. Kama duka la dawa naipa nne, na ile iliyobaki nitaitoa siku chumba cha famasia kitakapokuwa ndicho cha kwanza kuonekana na mtu anayeingia mlangoni.